Njia Mbili za Pumzi ya Trekta



Mwezi uliopita tulisema habari za ghala na wadudu walao mahindi. Mwezi huu mvua zi karibu, na katika nchi yetu, tangu Vwawa hata Tunduma, na kushuka mpaka Kamsamba katika bonde la Momba, watu wanatengeneza majembe na kuyaamsha matrekta yaliyolala tangu mavuno. Kwa hiyo tumeona yafaa kusema habari za trekta. Hatutasema habari za magurudumu yake wala za jembe lake. Twataka kusema habari za kitu ambacho wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila kukitazama, yaani yale mabomba mawili yaliyofungwa kwa boliti kwenye kichwa cha injini, moja la kuingizia hewa na moja la kutolea moshi. Mafundi huyaita manifoldi.

Labda msomaji mmoja atasema, "Haya ni mambo ya mafundi. Sisi wakulima yatuhusu nini?" Twamjibu kwamba nasi tulisema maneno hayo hayo, na mwisho wake tutausimulia hapa chini, ingawa si habari ya kujisifia.

Kwanza na tukumbuke ya kuwa matrekta mengi tuyaonayo mashambani ni wazee. Mengi ni yale mekundu ya Massey Ferguson. Aina ya 135, ambayo wengi waijua, ilianza kuuzwa mwaka 1964 na kukoma mwaka 1975. Katika nyingi za aina hiyo mna injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, na ukubwa wake ni lita 2.5. Mtoto aliyezaliwa siku trekta kama hilo lilipotoka kiwandani, leo ana wajukuu. Trekta la umri huo huweza kulima bado, walakini halisamehe uzembe kama kijana asameheavyo.

Sasa, manifoldi ni nini? Mwenye shamba la bustani ataelewa upesi. Maji huja katika mfereji mmoja mkubwa, kisha hugawanyika katika mifereji midogo, kila mmoja ukaenda kwenye tuta lake. Ndivyo ilivyo manifoldi ya kuingizia: hewa huja kwa mdomo mmoja kutoka katika chujio, ikagawanyika, na kila silinda ikapata fungu lake. Manifoldi ya kutolea ni kinyume chake, mfano wa vijito vitatu vinavyoshuka mlimani vikakutana kuwa mto mmoja: moshi wa kila silinda hutoka kwa mdomo wake, yote ikakutana, ikaenda zake kwa bomba la ekzosi.

Ili tufahamu kwa nini njia hizo ni mbili, yatupasa kujua kazi nne za pistoni. Kwanza, pistoni hushuka huku vali ya kuingizia ikiwa wazi, na hewa ikavutwa ndani. Pili, pistoni hupanda huku vali zote zimefungwa. Hewa hukandamizwa hata ikawa ya moto sana, ndipo dizeli inaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Tatu, nguvu ya moto ule huisukuma pistoni chini. Nne, pistoni hupanda tena huku vali ya kutolea ikiwa wazi, ikausukuma moshi nje. Kisha mambo huanza upya. Tazameni basi: katika kazi nne, moja tu ndiyo itupayo nguvu ya kulima, na mbili ni za pumzi, kuvuta na kutoa. Mashine hii hutumia nusu ya mwendo wake kwa kupumua.

Na pumzi yake si kidogo. Tufanye hesabu pamoja, na vijana walio shuleni waihakikishe. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huvuta pumzi mara 1,000, kwa kuwa huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini nzima huvuta karibu lita 2,500 za hewa kwa dakika moja, yaani mapipa 12 na nusu ya lita 200. Kwa saa moja ni karibu lita 150,000. Ikilima saa 8, imevuta karibu lita 1,200,000. Hewa yote hiyo hupita katika bomba ambalo mtu huweza kuliziba kwa kiganja. Na ikiwa shamba ni la vumbi, basi hewa hiyo ni hewa ya vumbi.

Kuna jambo jingine litupasalo sisi tukaao juu. Nchi ya Mbozi iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na penginepo zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Imepungua kama sehemu moja katika saba. Trekta lile lile lifanyalo kazi vizuri Bagamoyo, likiletwa huku hupata hewa pungufu katika kila pumzi, na nguvu zake hupungua. Dereva asiyejua hili huongeza dizeli apate nguvu, lakini dizeli isiyo na hewa ya kuiunguza hutoka kuwa moshi mweusi. Kwa hiyo hatuna hewa ya kupoteza. Kama chujio limeziba kwa uchafu, au kiota cha ndege kimo mdomoni mwa bomba, twalinyima pumzi trekta ambalo tangu awali halipumui kwa kushiba.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, injini hukataa kuwaka. Katika injini nyingi za Perkins mna kifaa kidogo kilichofungwa katika manifoldi ya kuingizia, kiitwacho Thermostart. Umeme wa betri hukipasha moto, dizeli kidogo ikaingia ndani yake na kuwaka, na hewa ipitayo hapo ikaingia silindani ikiwa na joto. Ni kazi nzuri. Lakini kuna watu wasio na subira, ambao humimina petroli au kupuliza etha katika mdomo wa hewa. Mahali palipo na kifaa cha moto, kufanya hivyo ni kuwasha baruti: bomba huweza kupasuka usoni pa mtu. Tafadhali msifanye.

Kabla ya matrekta haya ya dizeli yalikuwako mengine, na wazee wetu wengine wayakumbuka. Baada ya vita kuu ya pili Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga katika Tanganyika, na kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa masalia ya vita, na mengine yalitengenezwa kwa kugeuza vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi: mvua haba, udongo mgumu, mizizi isiyong'oka. Walakini sababu moja ilikuwa kwamba mashine ziliharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa, kwa kukosa vipuri na watu waliofundishwa kuzitunza. Fedha nyingi sana zilipotea, za taifa kubwa. Sisi wenye fedha chache tujifunze kwao bure.

Katika zama hizo yalikuwako matrekta madogo yaliyotumia mafuta ya taa, kama Fordson, na aina mojawapo ya Ferguson TE20, trekta lile la rangi ya kijivu lililotengenezwa Coventry tangu mwaka 1946 hata 1956. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi bei kuliko petroli, lakini yana ila moja: yakiwa baridi hayageuki mvuke upesi. Kwa hiyo waliozibuni mashine hizo waliziweka zile njia mbili za pumzi ubavu kwa ubavu, zikitengwa na ukuta wa chuma, ili moto wa moshi utokao uyapashe joto mafuta yaingiayo. Dereva aliwasha kwa petroli, akangoja injini ipate moto, ndipo akageuza bilula kwenye mafuta ya taa. Asiyengoja aliharibu injini, kwani mafuta yasiyogeuka mvuke yalitiririka chini kando ya pistoni, yakaichuja oili ikawa kama maji. Na baada ya miaka mingi ukuta ule uliliwa na kutu na moto. Ukitoboka, moshi mchafu uliingia katika njia ya hewa safi, na trekta likakosa nguvu bila mtu kujua sababu. Ukilikuta trekta la namna hiyo leo nalo limechoka bila sababu, tazama kwanza ukuta ule.

Basi sheria ya mashine hizi zote ni hii: kila njia iwe nzima, isivuje, wala isichanganyike na mwenzake. Sasa tutaeleza yaliyotupata sisi tulipoivunja.

Miaka kadhaa iliyopita tuliungana na jamaa wengine wanne, tukatoa fedha za kahawa, tukanunua trekta kuukuu. Kwa kuwa sisi tulijua kuandika na hesabu, tulikabidhiwa daftari na kasha. Mwaka wa kwanza lilifanya kazi vizuri. Mwaka wa pili, mwezi wa Septemba, dereva alitujia, akasema, "Mwalimu, ule mpira unaounganisha chujio na manifoldi umepasuka. Ufa wake si mkubwa, kama urefu wa kucha. Mpira mpya upo Tunduma." Tulifungua daftari, tukaona fedha ni chache, tukamwambia, "Ufunge kwa kitambaa na waya. Tutanunua baada ya msimu." Alinyamaza kidogo, akasema, "Vyema, Mwalimu." Akaenda.

Trekta likashuka bondeni kulimia watu kwa ujira, nchi ikiwa kavu na vumbi likifunika hata kofia ya dereva. Chujio lilikuwa safi, oili yake ilibadilishwa kila jioni, maana dereva yule alikuwa mtu mwaminifu. Lakini hewa haikuwa na haja ya kupita katika chujio, kwani ilipata mlango mwingine nyuma yake. Pistoni zilivuta, na vumbi likaingia moja kwa moja.

Kabla ya Krismasi trekta lilianza kutoa moshi wa samawati na kula oili. Halikuwaka asubuhi ila kwa kusukumwa. Tulimwita fundi, mzee mmoja mwenye mikono iliyojaa makovu. Alifungua manifoldi ya kuingizia, hakusema neno, akatushika mkono, akakipitisha kidole chetu ndani ya bomba. Kilitoka kimefunikwa na vumbi laini kama unga. Kisha akatuonyesha silinda: kuta zake zimelika, ringi za pistoni zimekuwa nyembamba kama wembe. Vumbi limechanganyika na oili likawa tupa, na tupa ile imesaga injini kwa miezi mitatu.

Matengenezo yalikula kahawa ya misimu miwili ya jamaa watano. Mwenzetu mmoja mwanawe alikuwa katika chuo cha ufundi, akarudi nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Siku ya mkutano ilitubidi kusoma daftari mbele ya wote, na ilitubidi kusema kwamba mpira ungalinunuliwa kwa bei ya debe chache za mahindi, nasi ndio tuliokataa. Hakuna aliyetutukana. Ingalikuwa afadhali watutukane.

Mtu huweza kufikiri ya kuwa baada ya hayo tulikuwa wenye hekima. Lakini hekima yetu ilikuwa ya njia moja tu. Njia ya kuingilia tuliilinda kama mboni ya jicho, na ya kutokea hatukuijali, kwa maana tulisema, "Itoayo uchafu itadhurika na nini?"

Manifoldi ya kutolea hufanya kazi ngumu kuliko ndugu yake. Moshi utokao silindani trekta likivuta jembe huwa na joto la nyuzi mia kadhaa. Kwa hiyo hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kwa sababu chuma hicho huvumilia moto. Lakini chuma hicho kina tabia ya chungu: hakipindi, hupasuka. Kila siku hupata moto kikatanuka, na kila jioni hupoa kikajikunja. Baada ya miaka mingi huvimba mgongo, nacho hakilali tena sawasawa juu ya kichwa cha injini. Na mtu akikimwagia maji ya baridi kikiwa cha moto, au mvua ya ghafula ikikipiga, huweza kupata ufa mara moja. Kati yake na kichwa cha injini huwekwa gasketi ili moshi usipenye. Gasketi hiyo ikiisha kufunguliwa, haifai kurudishwa, kwa maana imekwisha kukandamizwa na kuungua.

Injini yetu ilipotengenezwa, watu walikuwa na haraka, fedha zilikuwa zimekwisha, na gasketi ya kutolea ikarudishwa ile ile ya zamani. Tangu siku ile trekta lilipowashwa lingali baridi lilisema tak, tak, tak, na kando ya manifoldi palionekana doa jeusi la masizi. Tuliuliza, tukaambiwa, "Ni kelele tu." Tukaridhika, kwa kuwa kelele haiulizi fedha.

Mwezi wa Julai trekta lilikuwa likizungusha mashine ya kupukuchulia mahindi. Jioni moja upepo wa baridi ulikuwa mkali, na watu wakaliingiza trekta katika ghala kubwa la jirani, wakafunga milango, wakaendelea na kazi kwa taa. Mpwa wetu, kijana wa miaka 15, alikuwa akishika magunia karibu na injini. Baadaye kidogo alilalamika kichwa, akatapika, miguu ikamlegea akaketi juu ya gunia. Tulisema, "Ni malaria." Tulimgusa paji la uso, halikuwa na moto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta naye akasema kichwa chamgonga, na mwingine pia. Ndipo yule fundi mzee alipokuja kudai ujira wake uliobaki. Alifungua mlango, akasikia ile tak, tak, tak, akapiga kelele, "Zimeni! Fungueni milango! Mtoeni huyo nje!" Tulimbeba mpwa wetu akiwa hajitambui. Alipelekwa hospitali, akapewa oksijeni, akapona baada ya siku mbili. Dada yetu hakulala siku hizo mbili, wala sisi.

Tulitaka kujua jambo lile ni nini, tukauliza, nanyi mjue pia. Katika moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana na kile kiitwacho hemoglobini, kichukuacho oksijeni mwilini. Hushikamana nacho zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikamanavyo. Kwa hiyo mtu hupumua, kifua chake chapanda na kushuka, lakini damu yake haichukui uhai. Hulegea, husinzia, na huweza kufa akidhani amechoka tu. Injini za petroli na za mafuta ya taa hutoa sumu hii kwa wingi sana. Za dizeli hutoa kidogo, lakini katika nyumba iliyofungwa kidogo hicho hujikusanya, hasa injini ikiwa kuukuu na yenye moshi mweusi. Na gasketi ikivuja, moshi hautoki juu kwa ekzosi, bali humpiga mtu aliye kando.

Akina mama, sumu hiyo ndiyo ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Nyumba zetu zina baridi, na watu hupenda kuingiza jiko chumbani na kufunga dirisha wakalala. Wengine hawakuamka. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, wala mwili hauna homa, tena hupata watu kadhaa pamoja walio mahali pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Mkiona hivyo msingoje kutafuta dawa. Toeni watu nje kwanza, kisha wapelekeni hospitali upesi.

Sasa tutasema mambo ambayo mtu asiye fundi huweza kuyafanya mwenyewe kabla ya msimu.

Jambo la kwanza, pitisha macho na mkono, injini ikiwa baridi, kutoka chujio mpaka kichwa cha injini. Kila mpira na uwe mzima, kila kibanio na kikaze. Kitambaa na waya si dawa. Chujio la namna ya zamani lina bakuli la oili. Lifungue kila siku ya vumbi, umwage tope, uoshe, utie oili mpya mpaka alama, isizidi. Ikizidi, injini ya dizeli huweza kuivuta ile oili na kuitumia kama mafuta, ikakimbia bila kuzuilika.

Jambo la pili, ijaribu njia ya hewa. Washa injini, uiache iende polepole, kisha ziba mdomo wa chujio kwa kipande cha ubao bapa. Usitumie mkono wala kitambaa, maana huvutwa kwa nguvu. Injini iliyo nzima hukosa pumzi ikazimika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hukuiziba, jua ya kuwa yapata hewa mahali pengine, na pahali hapo ndipo vumbi lipitapo. Katika injini ya petroli tundu la namna hiyo lina hasara nyingine: hewa huzidi mafuta, injini hutetemeka ikienda polepole, hupata moto mno, na vali huungua.

Jambo la tatu, sikiliza ekzosi asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukisikia tak, tak, tak na kuona masizi kwenye maungio, gasketi imekwisha au chuma kimepasuka. Mwite fundi. Akiifungua manifoldi, mwombe ailaze juu ya rula ya chuma iliyonyoka. Karatasi nyembamba ikipita kati, basi imepinda na yataka kusawazishwa kwa mashine. Asirudishe gasketi ya zamani. Nati zinazofaa hapo ni za brasi, kwa kuwa hazishikwi na kutu. Akaze za katikati kwanza, kisha za pembeni, kidogo kidogo, na baada ya injini kupata moto na kupoa azikaze tena.

Jambo la nne, manifoldi ikiwa na ufa, usikubali ichomelewe hivi hivi ikiwa baridi kwa vijiti vya kawaida, kwani ufa mwingine hutokea kando ya ule wa kwanza. Chuma cha kusubu hutaka kupashwa moto polepole, kuchomelewa kwa vijiti vya nikeli au kwa brasi, kisha kufukiwa katika majivu ya moto kipoe taratibu, hata usiku kucha.

Na jambo la tano hutalinunua kwa fedha: usiendeshe injini yoyote katika nyumba iliyofungwa, ikiwa trekta, ikiwa mashine ya kusaga, ikiwa jenereta. Hata manifoldi ikiwa mpya. Kama kazi ni lazima ifanyike ndani, injini ikae nje, na milango iwe wazi, na watu wavae nguo nzito.

Ndugu zetu, njia ya kuingilia ikivuja, hufa injini. Ya kutokea ikivuja, huweza kufa mtu. Injini tuliweza kuilipa kwa misimu miwili ya kahawa. Mpwa wetu tusingaliweza kumlipa kwa misimu yote iliyobaki ya maisha yetu.

Siku hizi yeye ndiye dereva wa trekta lile. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, hulizunguka akiushika mpira wa hewa, kisha huwasha na kuinamisha sikio upande wa ekzosi. Watu wasiomjua humcheka, husema analisalimu. Na katika daftari letu, tangu mwaka ule, kuna ukurasa ulioandikwa juu yake "Mpira na Gasketi", na fedha zake hutengwa kwanza kabla ya kugawa faida. Hakuna mwenzetu aliyewahi kuupinga.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za mbegu na namna ya kuzijaribu kama zitaota. Kwaherini, mwe na msimu mwema.